Panga Lililokatizwa Kalima: Kisa cha Vijana wa Rap Nakuru

Kisa hiki nilikisimamia mwenyewe, nikiwa mpatanishi katika kikundi kidogo cha kijamii hapa Nakuru kinachofanya kazi na vijana. Mtaa, shule, kituo cha redio na ukurasa wa habari sitavitaja, na mambo mawili matatu nimeyabadilisha ili wahusika wasitambulike. Mfuatano wa matukio nimeuacha ulivyokuwa. Nakiandika kwa ajili ya walimu, wazee wa mitaa, waandishi wa habari na yeyote anayekaa na vijana, kwa sababu nilishuhudia mtoto akisimamishwa shule kwa ajili ya wimbo ambao hakuna aliyemsimamisha aliyekuwa ameusikiliza hadi mwisho.

Usuli

Vijana hawa wa rap walikuwa wanne. Mkubwa, miaka 22, alikuwa na kibanda cha kuziba pancha kando ya barabara. Fundi, 19, ndiye aliyetengeneza biti kwa kompyuta ya mtumba. Dada, 20, msusi wa nywele, ndiye aliyeimba kiitikio. Mwanafunzi, 17, alikuwa Kidato cha Tatu na ndiye aliyeandika maneno. Kila Jumamosi alasiri walifanya mazoezi katika ukumbi wa kijamii wa mtaa, jengo la enzi za baraza la manispaa lenye madirisha yaliyopasuka, wakiichangia kamati pesa ya stima.

Ili msomaji aelewe yaliyofuata, lazima aelewe hofu ya mji wetu. Nakuru ilipewa hadhi ya jiji tarehe 1 Desemba 2021, tukafurahi. Katikati ya mwaka uliofuata, mauaji ya wanawake eneo la Mawanga yakatutikisa sote, na jina la genge la Confirm likawa halikosi kwenye taarifa za habari. Hofu hiyo haikuwa ya kubuni. Watu walizikwa. Tangu hapo, kijana akipita usiku na kofia ya sweta kichwani, wenye akili zao huvuka barabara.

Katika hali hiyo rafiki wa vijana hawa, aliyezoea kuwabebea spika, aliuawa kwa panga usiku mmoja akitoka kutazama mpira. Hakuna aliyeshtakiwa. Wiki chache baadaye Mwanafunzi akaandika wimbo. Hakutaka kuimba kama yeye mwenyewe, wala kama marehemu. Aliimba kama panga:

Jina langu panga, nimelelewa jikoni,
namkatia mama sukuma ikifika jioni.
Asubuhi niko na ng'ombe, napunguza majani,
nani amenitoa ukutani akanitia kotini?

Kisha Dada anaingia na kiitikio kwa sauti ya chini, karibu kunong'ona:

Giza likiingia natoka na njaa,
nikija nyuma yako hutasikia hatua,
nikishuka mara moja mama yako atalia,
jina langu mtaani kila mtu analijua.

Ubeti wa mwisho unafungwa hivi:

Nirudishe ukutani, nirudishe kwa mama,
damu hii siijui, mimi nilizoea sukuma.

Wimbo mzima ni dakika tatu na sekunde ishirini. Video waliipiga kwa simu kando ya reli, jioni, wamevaa kofia za sweta, na Mkubwa ameshika panga la mama yake. Dada hakuonekana kwenye video kwa sababu siku hiyo alikuwa kazini. Jambo hilo lilikuja kuwa zito kuliko tulivyodhani.

Kilichotokea

Kwa siku kumi hivi video ilitazamwa na marafiki tu. Kisha, Alhamisi moja asubuhi, mtangazaji wa kipindi cha asubuhi akacheza kiitikio peke yake. Sekunde kumi na moja. Akauliza wasikilizaji: "Je, muziki huu wa kufokafoka ndio unaotuzalia majambazi?" Simu zikafunguliwa. Nilikuwa kwenye matatu, na dereva akaongeza sauti. Alipiga mama aliyeporwa simu. Akapiga mhubiri. Akapiga mtu aliyesema anawajua vijana hao, lakini mtaa alioutaja haukuwa wao. Mjadala ulichukua zaidi ya nusu saa na kiitikio kilirudiwa mara tano. Hakuna aliyewatafuta vijana wenyewe, ingawa namba ya Fundi ilikuwa chini ya video, imeandikwa wazi kwa wanaotaka biti.

Jioni hiyo ukurasa mmoja wa habari za mtaani kwenye Facebook ukaweka picha mbili bega kwa bega. Kushoto alikuwa Mkubwa na panga kando ya reli. Kulia palikuwa pahali pa tukio la mauaji lisilohusiana nao kabisa, na utepe wa polisi. Juu yake kwa herufi kubwa: GENGE LATOA WIMBO WA KUTISHA WAKAZI.

Ijumaa kamati ya ukumbi ikabadilisha kufuli. Siku hiyo hiyo deputi akamwita Mwanafunzi ofisini, akamwambia arudi na mzazi, na mzazi alipokuja akapewa barua ya kusimamishwa masomo "hadi uchunguzi ukamilike". Jumamosi askari wawili walifika kwenye kibanda cha Mkubwa, wakauliza maswali mbele ya wateja, wakaondoka. Jumapili kisa kikafika madhabahuni.

Jumatatu asubuhi mama yake Mkubwa aliingia ofisini kwetu na kikapu cha sokoni. Hakuketi. Alitoa kitu kilichofungwa kwa gazeti, akakiweka juu ya meza yangu na kukifungua. Lilikuwa panga la kawaida, limenolewa hadi likapungua upana, mpini umezungushiwa mpira wa tyubu ya baiskeli kwa sababu mbao ilipasuka. Kwenye makali palikuwa na utomvu wa kijani uliokauka. Akasema, "Madam, genge lenyewe ni hili. Jana nimekatia ng'ombe nalo."

Sitasahau utomvu ule.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kutokwenda redioni. Vijana walitaka sana; Fundi alikuwa tayari ameandika ujumbe wa kumtukana mtangazaji, nikamwomba aufute. Nilijua tukiingia kwenye kipindi kile kile, kiitikio kingechezwa tena kama utangulizi, na sisi tungekuwa watu wanaojitetea mbele ya swali ambalo tayari lina jibu ndani yake. Pia, aliyeumia zaidi wakati huo alikuwa mtoto asiye darasani. Redio ingesubiri.

Kwa hiyo tulianza na shule. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 inataka maslahi ya mtoto yatangulizwe katika kila uamuzi unaomhusu, na barua yetu kwa mwalimu mkuu ilisema hivyo kwa upole. Lakini kilichofungua mlango hakikuwa sheria. Nilimpelekea mwalimu wake wa Kiswahili maneno ya wimbo yakiwa yamechapwa kwenye karatasi, bila kumwambia chochote zaidi ya "tafadhali soma." Alinirudishia kesho yake, amesahihisha kama anavyosahihisha shairi la mtihani, kwa kalamu nyekundu. Pembeni mwa ubeti wa kwanza: "Nafsineni: panga. Tashihisi." Pembeni mwa kiitikio: "Nafsineni ni ile ile. Toni ya kutisha kwa makusudi." Pembeni mwa mishororo miwili ya mwisho: "Toni: majonzi, toba. Nafsinenewa: mkono ulioliiba." Kwa lugha ya kawaida: anayesema katika shairi ni panga lililopewa sifa za mtu, na anayeambiwa ni mkono ulioliiba. Chini kabisa akaandika: "Huyu alinielewa nilipofundisha ushairi muhula wa kwanza." Karatasi hiyo ndiyo mwalimu mkuu aliyoisoma.

Uamuzi wa pili ulikuwa kwenda polisi wenyewe kabla ya kuitwa. Tulimwomba chifu atusindikize. Mkubwa aliogopa, na alikuwa na haki ya kuogopa. Vijana wa mtaa wake wanajua wenzao walioingia kituoni wakiwa mashahidi wakatoka washukiwa. Tulikwenda na simu yenye video nzima, na karatasi ya mwalimu. Afisa tuliyemkuta aliitazama hadi mwisho, akaandika maelezo, akatuambia hana swali lingine. Ilichukua saa moja na nusu, na nyingi ya hizo tulikuwa tumekaa kwenye benchi.

Uamuzi wa tatu, ambao ningependa wasomaji waupime, ulihusu kamati ya ukumbi. Walikuwa watu kumi na wawili, wote wazazi. Kabla ya kikao nilichapa maneno ya kiitikio kwenye karatasi kumi na mbili. Sita niliziandika juu "Maneno ya mugithi", ule muziki wa gitaa wa Wakikuyu. Sita nyingine "Maneno ya rap". Nikawaomba waandike, bila kushauriana, wimbo unahusu nini na kama ungefaa kuchezwa ukumbini. Nusu nyingine ya mpango ilikuwa mzee wa nyumba kumi asome shairi zima kwa sauti, bila biti, bila video.

Wazo la karatasi sikulibuni. Mwaka 1996 mtafiti wa Marekani, Carrie Fried, alichapisha matokeo ya jaribio la namna hiyo. Alichukua maneno ya wimbo wa zamani wa kundi la Kingston Trio, unaohusu mtu aliyemuua askari, akawapa watu wayasome. Walioambiwa ni rap, au walioonyeshwa picha ya msanii Mweusi, waliyaona maneno yale yale kuwa ya kukera na ya hatari zaidi kuliko walioambiwa ni muziki wa country au walioonyeshwa picha ya Mzungu. Mwaka 2016 watafiti wengine wa huko walilirudia, na lile jina la rap likazaa ukali ule ule.

Watu kumi na wawili ukumbini si utafiti, na silidai hilo. Ila yaliyoandikwa kwenye karatasi zetu ninayo bado. Waliopewa "mugithi" waliandika "anaonya watu wasitembee usiku", "mapenzi, mwanamume mwenye wivu", "kifo". Mmoja aliandika kwamba kifo ndicho kinachozungumza, na kwamba ni wimbo mzuri wa matanga. Waliopewa "rap" waliandika "uchochezi", "wanajisifu kuua", "wizi wa usiku". Mmoja aliandika "bangi". Hakuna neno bangi katika wimbo ule wote.

Nilipowaambia kwamba maneno ni yale yale, chumba kilitulia. Mzee mmoja alikasirika akasema nimewategea mtego kama watoto, na nilimwomba radhi mbele ya wote, kwa sababu ni kweli sikuwa nimewaeleza. Kisha mzee wa nyumba kumi akavaa miwani, akasoma. Alisoma polepole, kwa lafudhi ya mtu aliyezoea kusoma Biblia. Alipofika "mimi nilizoea sukuma", mama mmoja nyuma akasema kwa sauti, "Kumbe ni panga!"

Uamuzi wa nne ulikuwa barua kwa kituo cha redio, siku ya tisa. Tulitaja Kifungu cha 33 cha Katiba, kinacholinda uhuru wa ubunifu wa kisanaa, na hapo hapo tukakiri kwamba kifungu hicho hakilindi uchochezi wa ghasia. Tulitaja pia Kifungu cha 35, kinachompa mtu haki ya kusahihishiwa habari zisizo za kweli au za kupotosha zinazomhusu. Tukaeleza kwamba tusipojibiwa tutakwenda kwa Tume ya Malalamiko iliyoundwa chini ya Sheria ya Baraza la Vyombo vya Habari ya mwaka 2013. Hatukuomba fidia. Tuliomba wimbo uchezwe mzima, mara moja, saa ile ile ya asubuhi.

Uamuzi wa tano ulikuwa kosa, na nitaueleza chini.

Matokeo

Mwanafunzi alirudi shuleni baada ya siku kumi na mbili. Alikosa mitihani mitatu ya katikati ya muhula na alipewa alama sifuri katika mmoja, alama ambayo haikuwahi kurekebishwa.

Kituo cha redio kilitupa dakika nne. Si asubuhi, Jumapili saa tatu usiku, baada ya kipindi cha nyimbo za zamani. Mtangazaji mwingine, mwanamke mwenye adabu, alicheza ubeti wa kwanza na wa mwisho na kusoma maelezo yetu. Najua watu wawili waliosikia: mimi na mama yake Mkubwa.

Ukurasa wa Facebook haukuwa na anwani wala mhariri anayejulikana. Baada ya ujumbe mwingi neno GENGE lilibadilishwa likawa VIJANA. Picha zote mbili zilibaki bega kwa bega.

Ukumbi ulifunguliwa baada ya mwezi mmoja, kwa sharti kwamba mtu mzima wa kamati awepo wakati wa mazoezi. Mweka hazina ndiye aliyejitolea, na bado huja. Fundi sasa huwatengenezea biti waimbaji wa injili. Dada aliacha kuimba. Mwenye saluni alimwambia achague. Mkubwa alihamisha kibanda baada ya mwenye kiwanja kukataa kodi yake, na waendesha bodaboda wengine bado humwita "Genge".

Uchambuzi

Nianze na maneno, kwa sababu lugha yetu yenyewe imo kwenye kesi hii.

Vyombo vyetu vya Kiswahili huita rap muziki wa kufoka au kufokafoka. Maziwa yakizidiwa na moto hufoka. Mtu akishikwa na hasira hufoka. Aliyebuni jina hilo huenda alikuwa anafikiria kasi ya maneno, mate na povu la usemi, lakini msikilizaji ambaye hajawahi kusikia rap hufika kwenye wimbo akiwa tayari ameambiwa kwamba huyu anayeimba amekasirika. Katika wimbo wetu Dada alikuwa ananong'ona. Bado mtangazaji alisema wanafoka, na simu zote zikafuata hapo. Vijana wenyewe hawatumii neno hilo. Husema "mistari": kuandika mistari, kushusha mistari. Mtu akiulizwa kuhusu vijana wanaoandika mistari, humkumbuka mwalimu wa ushairi. Akiulizwa kuhusu vijana wanaofoka, humkumbuka polisi.

Neno la pili ni genge. Kwenye ukurasa wao, chini ya jina la kundi, Fundi alikuwa ameandika "tunafanya genge ya mtaa". Kila kijana wa Kenya aliyekua akimsikiliza Jua Cali anajua genge ni mtindo wa muziki, na kwamba gengetone ya kina Ethic ilichukua jina lake hapo. Mwendesha ukurasa wa habari, kwa kutojua au kwa kujifanya hajui, aliandika kwamba "wanajiita genge". Neno moja, maana mbili, na katika mji uliotoka kuzika watu wake maana ya pili ilikuwa na nguvu mno. Nimewashauri vijana waliondoe. Walikataa, na siwalaumu: neno lilikuwa lao katika muziki kabla halijatumika kuwahukumu.

Kisha mkato. Sekunde kumi na moja hazikudanganya. Kila neno lililochezwa lilikuwa kwenye wimbo. Kilichoondolewa ni msemaji. Ukiondoa "jina langu panga", nafsineni hubadilika kutoka chombo kuwa mwimbaji, na tungo la maombolezo hugeuka tishio bila kuongezwa hata silabi. Mwanafunzi wa Kidato cha Kwanza akichanganya nafsineni na mtunzi, hukatwa alama. Kwa rap tumeruhusu kosa hilo liwe kawaida. Mugithi huimbwa usiku Nakuru nzima kwa maneno ambayo baba hawezi kuyatamka mbele ya mkwewe, na hakuna anayemshuku mpiga gitaa kwamba anasimulia maisha yake. Yeye hupewa hadhi ya msanii, kwamba anaigiza. Mtoto wa mtaani akisema "natoka na njaa", huaminiwa neno kwa neno.

Jaribio la Fried lilihusu rangi ya ngozi pamoja na jina la muziki. Kwetu hapa kila mtu ni Mwafrika, kwa hiyo kinachofanya kazi ya rangi ni kitu kingine: mtaa na umri. Hilo lilinidhihirikia pale mweka hazina, mwanamume wa miaka arobaini na kitu, aliposimama baada ya kusomwa kwa shairi na kusema kwamba E-Sir alipofariki ajalini tarehe 16 Machi 2003, akirudi Nairobi kutoka hapa Nakuru, alilia kama amefiwa na ndugu. E-Sir alikuwa na miaka 21, naye alikuwa akirap. Magazeti na redio zilimwomboleza kama mtoto wa taifa. Mwaka mmoja kabla, wimbo wa Gidi Gidi Maji Maji ulibebwa na kampeni za muungano wa kisiasa wa NARC na kuimbwa na watu wazima waliovaa suti. Wazazi wa kamati ile ndio vijana wa wakati huo. Hawakuchukia rap. Kwa miaka ishirini walionyeshwa picha nyingine yake, ikashika.

Na sehemu ya picha hiyo ina ukweli ndani yake, lazima niseme. Mwezi Novemba 2019 wimbo mmoja wa Ethic uliondolewa YouTube baada ya malalamiko kwamba unashabikia ubakaji, na kundi likaomba radhi. Malalamiko yale yalikuwa ya haki; mimi mwenyewe niliyaunga mkono. Tatizo ni kwamba lawama ya wimbo mmoja hutandazwa juu ya muziki mzima, na baada ya hapo mwandishi hahitaji tena kusikiliza.

Sasa panga kwenye video. Nilimuuliza Mkubwa kwa nini walilishika vile, juu, usawa wa bega, ilhali wimbo unalililia. Alinijibu, "Madam, video za rap ndivyo zinakaa." Hilo lilinikaa moyoni kuliko jambo lolote katika kisa hiki. Walikuwa na shairi la jikoni na ng'ombe, na mama mwenye panga lililofungwa tyubu, lakini walipofikiria picha waliifuata ile waliyolelewa nayo kwenye runinga na simu: reli, kofia, silaha. Redio na ukurasa wa habari nao waliichagua video hiyo kwa sababu inafanana na picha ile ile. Wazee waliogopa kwa sababu yake. Picha moja iliwafundisha vijana wajionyeshe hivyo, ikawafundisha waandishi watafute hivyo, ikawafundisha wazazi waone hivyo, na maneno hayakupata nafasi ya kupita katikati. Laiti Dada angekuwa kwenye video siku ile, akinong'ona kiitikio chake jikoni, sidhani mtangazaji angekuwa na kipindi.

Kilichofaa, kwa maoni yangu, ni karatasi. Kila pahali tulipotenganisha maneno na picha, shuleni, kituoni, ukumbini, watu walisikia. Kila pahali picha ilipotangulia tulishindwa, hata tulipokuwa na sheria mkononi. Ningefanya tena kikao cha kamati, ila ningewaeleza mwanzoni kwamba kuna jambo nitawafichulia mwishoni.

Kilichoshindikana ni kingi. Siku tisa za kuandika barua kwa redio zilikuwa nyingi mno. Tungeiandika siku ya pili, hata kama tusingekwenda hewani. Sharti la mtu mzima kuwepo ukumbini nililikubali haraka ili mlango ufunguliwe, na vikundi vya kwaya na karate havikuwahi kuwekewa sharti hilo.

Uamuzi wa tano ulikuwa radhi. Nikidhani napoza moto, niliwaambia vijana waandike "tunaomba radhi kwa yeyote aliyekwazwa" na kuiweka kwenye ukurasa wao. Iliandikwa siku ya sita, kabla ya barua, kabla ya kikao. Kufikia jioni ule ukurasa wa habari ulikuwa umeandika: WAKIRI. Kwa mkono wangu niliwapa ushahidi ambao hawakuwa nao. Mwanafunzi aliniuliza, "Madam, tumeomba msamaha wa nini?" Sikuwa na jibu, na radhi hiyo ilipofutwa ilikuwa imeshanakiliwa.

Kosa kubwa kuliko hilo lilikuwa la kumsahau mtu. Katika shughuli zote hizo, za shule na polisi na kamati, hakuna aliyekwenda kwa mama wa kijana aliyeuawa. Wimbo ulikuwa wake. Alisikia redioni, kama sisi wengine, kwamba rafiki za mwanawe ni genge linalosifu panga lililomuua. Aliishi na habari hiyo wiki tatu, mitaa miwili kutoka ofisini kwetu.

Tulipokwenda hatimaye, tulikwenda na Dada na Mwanafunzi. Alitukaribisha chai. Aliomba wimbo uchezwe, na simu ikawekwa mezani kati ya vikombe, skrini imelazwa chini kwa sababu hakutaka kuona video. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akaomba urudiwe. Halafu akamuuliza Mwanafunzi kama picha inaweza kubadilishwa, sauti ikabaki. Aliingia chumbani akatoka na picha ya mwanawe akiwa na sweta ya shule ya msingi, jino moja la mbele halipo, amembeba mbuzi. Fundi aliiweka wiki hiyo, badala ya reli.